Kusoma tabianchi ya zamani kwa joto la visima virefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na wanafunzi wa jiolojia, mafundi wa kuchimba visima na wenye visima hapa Dar es Salaam. Unaweza kusoma jibu lolote peke yake. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Msingi wa jambo

Ardhi inawezaje kutunza habari za joto la miaka mia iliyopita?

Uso wa ardhi ukipata joto kuliko zamani, joto hilo huanza kushuka ndani ya mwamba taratibu, kama linavyopanda kwenye mpini wa kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya uji. Tofauti ni kwamba mwamba ni mzito sana wa kupitisha joto. Katika mwamba wa kawaida joto husambaa kwa kiasi cha mita za mraba 31.5 hivi kwa mwaka. Kujua badiliko limeshafika wapi, zidisha 4 kwa 31.5 kwa idadi ya miaka, kisha tafuta kipeuo cha pili. Miaka 100 inakupa mita 112, miaka 500 mita 251, na miaka 1,000 mita 355.

Kwa hiyo anayeshusha kipimajoto kwenye kisima cha mita 300 anapita kwenye mabaki ya karne kadhaa. Mabaki hayo ni joto lenyewe lililokuwa juu, lililofifia njiani. Si alama wala dalili ya kukisia.

Kwani joto la mchana na la misimu halivurugi vipimo?

Huvuruga tabaka la juu tu. Joto la mchana na usiku huisha kabla ya kufika mita moja. Wimbi la mwaka mzima hupungua hadi kama asilimia 37 ya nguvu yake kila unaposhuka mita 3.2, hivyo kwenye mita 15 imebaki asilimia moja hivi. Dar es Salaam ina nafuu zaidi, kwa sababu wastani wa Februari na ule wa Julai haupishani sana ukilinganisha na nchi zenye baridi kali. Hata hivyo desturi ni kutotumia chochote kilicho juu ya mita 20.

Joto huongezeka kadiri unavyoshuka. Tutajuaje lipi ni la tabianchi na lipi ni la dunia yenyewe?

Joto la ndani ya dunia, pamoja na lile linalozalishwa na urani, thori na potasi ndani ya miamba, hupanda juu kwa kiwango kisichobadilika katika muda wa karne chache. Likipita kwenye mwamba wa aina moja huchora mstari ulionyooka, ambao mara nyingi hupanda nyuzijoto 20 hadi 30 kwa kila kilomita. Tabianchi huupinda mstari huo sehemu ya juu. Kama uso umepata joto, vipimo vya juu vitakuwa na joto kuliko mstari wa chini ungetabiri ukiurefusha hadi juu. Ongezeko likiwa kubwa, mchoro hupata umbo la ndoano: unaposhuka joto linapungua kwanza, kisha linaanza kupanda.

Tunachosoma ni mpindo huo.

Mpindo wenyewe una ukubwa gani?

Ni mdogo, na hapo ndipo wengi hukosea kununua vifaa. Chukua uso uliopanda nyuzijoto 1 kwa ghafla miaka 100 iliyopita na kubaki hapo. Leo ongezeko litakalokutwa kwenye mita 50 ni nyuzijoto 0.53. Kwenye mita 100 ni 0.21, kwenye mita 150 ni 0.06, na kwenye mita 200 ni 0.01 tu. Kama uso ulipanda pole pole hadi kufika nyuzijoto 1 leo, jambo ambalo ndilo la kawaida, ishara ni ndogo zaidi: 0.33 kwenye mita 50, 0.08 kwenye mita 100, na chini ya 0.02 kwenye mita 150. Kipimajoto kinachokosea kwa nusu nyuzi hakina kazi hapa.

Tunaweza kuona mwaka fulani, kwa mfano mvua za El Niño za 1997/98?

Hapana. Joto likishuka hufifia na kuchanganyika, na badiliko fupi humezwa na mengine. Kadiri tukio lilivyo la zamani ndivyo linavyopaswa kuwa lilidumu muda mrefu ili lionekane. La miaka mia iliyopita linahitaji kuwa lilidumu miongo kadhaa. La miaka mia tano linahitaji karne au zaidi. Anayekuletea mchoro wa visima wenye vilima na mabonde ya kila mwaka ameongeza kitu ambacho ardhi haikusema.

Nani walianza kazi hii na wamepata nini?

Mwaka 1934 Hotchkiss na Ingersoll walitumia joto la migodi ya shaba ya Calumet, Michigan, kukokotoa habari za enzi ya barafu. Mwaka 1986 Lachenbruch na Marshall walionyesha kwamba ardhi iliyoganda ya kaskazini mwa Alaska ilikuwa imepata joto la nyuzi 2 hadi 4 katika karne ya 20, na tangu hapo wanasayansi wengi waliichukulia njia hii kwa uzito. Mwaka 2000 Huang, Pollack na Shen walikusanya visima 616 vya mabara mbalimbali wakapata ongezeko la nyuzijoto 1 hivi katika karne tano, nusu yake ikiwa ya karne ya 20 peke yake. Ndani ya barafu ya Greenland, Dahl-Jensen na wenzake walipata mwaka 1998 kwamba kilele cha enzi ya barafu kilikuwa na baridi ya nyuzi 23 zaidi ya sasa.

Visima vingi kati ya hivyo viko Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Upande wa Afrika ni vya kusini mwa bara kwa sehemu kubwa. Afrika Mashariki ni pengo kwenye ramani, ingawa tunachimba visima virefu kila mwaka. Ni hasara inayoweza kuzuilika, kwa sababu kipimo kimoja kizuri hakigharimu hata sehemu ndogo ya gharama ya kuchimba.

Kuna tofauti gani na barafu ya Kilimanjaro au matope ya maziwa?

Barafu iliyochimbwa Kilimanjaro mwaka 2000 na matope ya maziwa yetu hueleza mvua, ukame na joto kwa kupitia kemia, kwa hiyo lazima kwanza ujue kemia hiyo inafuata joto kwa kiasi gani. Kisima hupima joto moja kwa moja na hakihitaji tafsiri hiyo. Ila kisima hakitoi tarehe kamili, na barafu au matope yenye matabaka yanaweza kutoa. Ukivipata vyote viwili eneo moja, vitumie vyote.

## Kuchagua kisima

Nina kisima cha nyumbani Mbagala, mita 60, kina pampu. Kinafaa?

Hakifai, kwa sababu mbili, na kila moja ingetosha peke yake. Kwanza, kwenye mita 60 ishara bado ipo juu na chini, hivyo hakuna sehemu iliyonyooka ya kulinganisha nayo. Pili, pampu huvuta maji kutoka tabaka moja na kuyapandisha, na joto unalopima ni la maji yanayotembea. Kuzima pampu usiku mmoja hakuponyi kisima kilichopampu miaka mitano.

Kina cha chini kabisa ni kipi?

Mita 200 kwa kusoma karne moja, na hapo unabana. Kwa karne tano tafuta mita 400 hadi 600. Kanuni nzuri ni kuwa na angalau mita 100 chini ya pale ambapo ishara unayoitafuta imekwisha. Eneo la Kimbiji, kusini mwa jiji, limechimbwa visima vya kutafuta maji ya jiji vyenye kina cha mamia ya mita, na visima vya aina hiyo ndivyo vinavyostahili kuangaliwa kwanza upande wa pwani.

Basi ni visima vya aina gani vinafaa?

Bora kuliko vyote ni kisima cha uangalizi: kirefu, chembamba, kina kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima), hakina pampu, na kimetulia miaka kadhaa. Cha pili ni kisima kilichoachwa kwa sababu maji yake yalitoka na chumvi. Mwenyewe anakiona hasara, lakini kwa kazi hii ni hazina: hakuna anayekipampu, na maji ya chumvi yaliyo mazito yakikaa chini hutuliza mzunguko wa maji ndani ya bomba. Nje ya Dar es Salaam kuna mashimo ya utafutaji madini, kama ya maeneo ya dhahabu ya Geita, ambayo yamepita kwenye mwamba mgumu wenye maji machache. Kwa kazi hii mwamba wa aina hiyo ni bora kuliko mchanga wetu wa pwani.

Ruhusa ya mwenye kisima au mwenye leseni ni ya lazima, na iwe kwa maandishi. Kwa visima vya maji vya Dar es Salaam, taarifa za uchimbaji zitafute Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Omba rekodi ya matabaka, tarehe ya kuanza na kumaliza kuchimba, na mahali chujio za kisima zilipowekwa. Bila rekodi ya matabaka usijisumbue kubeba vifaa.

Kisima kikishachimbwa nisubiri muda gani?

Subiri mara 10 hadi 20 ya muda uliotumika kuchimba. Matope ya kuchimbia hupoza sehemu ya chini na kupasha ya juu, na saruji inayokauka nyuma ya kesingi hutoa joto lake. Kisima kilichochimbwa siku 5 kinataka siku 50 hadi 100. Wenye visima wengi hawawezi kungoja kiasi hicho kabla ya kushusha pampu, na ndiyo maana visima vya uangalizi vina thamani kubwa. Ukilazimika kupima mapema, pima mara mbili kwa kuachanisha wiki kadhaa. Sehemu ambazo hazikubadilika kati ya vipimo viwili ndizo za kuaminika.

## Vifaa na upimaji

Nahitaji vifaa gani?

Themista moja (kihisi ambacho ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa omu, hubadilika na joto) iliyofungwa ndani ya bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, kebo ya waya nne yenye alama kila mita 5, roli ya kuiviringishia, multimita yenye tarakimu sita, kipima kina cha maji, na uzito wa kilo moja au mbili wa kuinyoosha kebo. Themista ya omu 10,000 kwenye nyuzijoto 25 hubadilika omu 440 hivi kwa kila nyuzi, kwa hiyo nyuzijoto 0.01 ni omu 4.4. Hilo multimita nzuri inaliona bila shida.

Waya nne si anasa. Kebo ya waya mbili, ya shaba ya milimita za mraba 0.5, yenye mita 300, inaongeza omu 21 kwenye kipimo, sawa na kosa la nyuzijoto 0.05. Kosa hilo lisipobadilika toka juu hadi chini haliharibu umbo la mchoro, lakini linaharibu kabisa ulinganifu na kisima kingine au na kipimo cha mwaka mwingine. Kebo ya faiba inayopima joto kwa urefu wake wote ni nzuri na haraka, lakini bei yake iko mbali na bajeti za wengi, na bado huhitaji kipimajoto cha kuisahihisha.

Nasahihishaje themista kabla ya kwenda uwanjani?

Tumia maji ya barafu iliyosagwa, ya maji safi, ndani ya chupa ya chai. Barafu ijae hadi juu na maji yajaze nafasi tu, kisha koroga na usubiri dakika 20: hapo ni nyuzijoto 0. Baada ya hapo linganisha na kipimajoto chenye cheti ndani ya maji yanayokorogwa, kwenye nyuzi 20, 25, 30, 35 na 40, maana visima vya pwani vinaangukia humo. Rudia baada ya kutoka uwanjani. Themista iliyopigwa ukutani mwa kesingi inaweza kuhama bila kuonyesha dalili yoyote.

Upimaji wenyewe unafanywaje?

Kama watu hunywa maji ya eneo hilo, futa kebo na uzito kwa maji ya klorini kwanza. Pima maji yalipo, kisha funga mdomo wa kisima kwa kitambaa kuzuia upepo. Shusha kihisi hadi mita chache chini ya maji na uache kitulie. Kutoka hapo shuka mita 5, simama, subiri usomaji utulie, andika. Ndani ya maji dakika moja hadi tatu zinatosha. Sehemu ya juu ya maji, ndani ya hewa, kila kituo kinaweza kutaka robo saa au zaidi, na mara nyingi ni bora kuiacha. Kisima cha mita 300 chenye maji kuanzia mita 20 kina vituo 56, yaani karibu saa tatu za kazi bila haraka.

Pima ukishuka, usipime ukipanda. Kihisi kinaposhuka kinakutana na maji ambayo hayajaguswa. Kinapopanda kinapita kwenye maji ambayo kebo na uzito wake vimeshayakoroga. Chini kabisa usigonge tope: themista iliyozama kwenye mashapo hukaa muda mrefu kabla ya kutulia, na wakati mwingine hainasuki.

Usomaji unachezacheza na hautulii. Tatizo ni nini?

Kama unacheza kwa nyuzijoto 0.01 hadi 0.05 kwenye kisima kipana, huenda maji yanazunguka yenyewe ndani ya bomba. Chukua usomaji wa dakika kadhaa uweke wastani. Kama unaruka ghafla kwa makumi ya omu, kagua kiungo cha kebo: maji yameingia. Kama unashuka au kupanda mfululizo bila kukoma kwenye kina kimoja, maji yanaingia au kutoka kwenye ufa hapo. Kiandike kina hicho, kitakusaidia baadaye.

## Kutoka vipimo hadi historia

Nikishapata namba, nafanya hesabu gani?

Chora joto dhidi ya kina. Pitisha mstari ulionyooka kwenye sehemu ya chini, urefushe hadi juu, kisha toa mstari huo kutoka kwenye vipimo. Kinachobaki ndicho mpindo wa tabianchi. Hatua inayofuata ni kutafuta historia ya joto la juu ambayo, ikishushwa ardhini kwa kanuni ya msambao, inaleta mpindo huohuo. Anza na historia rahisi kabisa, yaani ongezeko moja lenye tarehe moja ya kuanza, na uone linafikia wapi. Ndipo uende kwenye hesabu za kinyume, yaani za kurudi kutoka mpindo hadi historia, zinazoruhusu hatua nyingi.

Mchanga na udongo wa mfinyanzi huleta mtego mkubwa hapa Dar es Salaam. Chukua joto linalopanda la miliwati 50 kwa mita ya mraba. Likipita kwenye mfinyanzi wenye mpitisho (uwezo wa kupitisha joto, kwa wati kwa mita kwa nyuzi) wa 1.25, mteremko ni nyuzi 40 kwa kilomita. Likiingia mchanga uliolowa wenye 2.5, mteremko unashuka hadi 20. Mtu asiyejua matabaka ataona mpindo na kuutangaza kuwa ni tabianchi. Dawa yake ni kutochora joto dhidi ya kina kitupu: gawanya unene wa kila tabaka kwa mpitisho wake, jumlisha toka juu hadi chini, na uchore joto dhidi ya jumla hiyo. Tofauti ya matabaka ikiwa ndiyo sababu pekee, mstari utanyooka.

Kwa nini watu wawili hupata historia tofauti kutoka kisima kimoja?

Kwa sababu historia nyingi tofauti zinaweza kuleta mpindo unaokaribiana ndani ya kosa la kipimo. Kila hesabu ya kinyume ina kizuizi cha kulainisha matokeo. Ukikilegeza, makosa ya nyuzijoto 0.01 hugeuka mawimbi ya nyuzi kadhaa kwenye karne za nyuma. Ukikikaza, badiliko la kweli hupotea. Toa matokeo pamoja na kiwango cha kizuizi ulichotumia, na ukiwa na visima kadhaa vya eneo moja, vikokotoe pamoja. Kelele za kila kimoja hupunguzana, ila tabianchi ni yao wote.

## Hali ngumu

Maji ya ardhini yanayotembea yanaharibu kiasi gani?

Hili ndilo linaloua vipimo vingi vya pwani. Maji ya mvua yanayopenya kwenye vilima kama vya Pugu na kushuka hubeba ubaridi wa juu kwenda chini na kuupinda mstari. Sentimita 10 tu kwa mwaka zinatosha kuuharibu mchoro wa kisima cha mita 200. Karibu na bahari, maji yanapopanda kutoka chini, mpindo hugeukia upande wa pili.

Tenganisha kwa njia tatu. Mpindo wa maji mara nyingi huanza na kuishia kwenye tabaka la mchanga, wakati wa tabianchi haujali matabaka. Visima vya jirani vyenye tabianchi moja lakini mipindo tofauti vinakuambia ni maji. Na mpindo wa maji yanayotembea kwa kasi ileile hukaa palepale mwaka hadi mwaka, lakini wa tabianchi unaendelea kushuka (tazama swali la kupima tena).

Kisima kiko katikati ya jiji, au mahali palipokatwa msitu. Je?

Kisima kitapima kwa usahihi joto la uso ulio juu yake, lakini uso huo umebadilishwa na watu. Lami, zege na majengo hupasha ardhi. Tokyo athari ya jiji imeonekana hadi kina cha mita 140 hivi, na Bangkok, jiji la joto kama letu, hadi mita 50 hivi. Kufyeka msitu nako huondoa kivuli, na ardhi hupanda joto hata kama hewa haikubadilika. Kwa hiyo kisima cha Kariakoo kitakusimulia historia ya Kariakoo. Ni kazi halali, ila iitwe kwa jina lake. Kwa tabianchi ya eneo, nenda mahali ambapo uoto haujabadilika kwa muda mrefu, na uandike mwaka wa kila badiliko linalojulikana.

Shimo limechimbwa kwa kuinama. Nitumie kina kipi?

Kina cha wima. Shimo la nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, lenye mita 300 kwenye kebo, lina mita 260 tu za wima. Mashimo ya utafutaji madini hupinda zaidi yanavyokwenda chini, kwa hiyo tumia rekodi ya mwinamo ya mchimbaji badala ya pembe ya kuanzia.

Kisima kiko mita 150 kutoka ufukweni. Kuna shida?

Ipo. Sehemu za kisima zenye kina kinachokaribia umbali wa kwenda baharini huathiriwa na joto la sakafu ya bahari, ambalo si sawa na la nchi kavu. Kisima cha mita 300 kitakie angalau kilomita moja kutoka ufukweni, bwawa kubwa au ukingo mkali wa kilima.

Kuna faida ya kupima kisima hichohicho tena baada ya miaka?

Ni kipimo chenye nguvu kuliko vyote. Ukitoa kipimo cha zamani kwenye kipya, mteremko wa joto la dunia, matabaka na maji yasiyobadilika kasi vyote huondoka, na kinachobaki ni kilichobadilika kati ya tarehe mbili. Uso ukipanda nyuzijoto 0.02 kwa mwaka kwa muda mrefu, miaka 10 inatosha kuonyesha karibu 0.1 kwenye mita 20 hadi 30. Lakini sharti kina kiwe kilekile. Kosa la nusu mita mahali penye mteremko wa nyuzi 25 kwa kilomita linaleta nyuzijoto 0.0125, kiasi cha kuzidi usahihi wa kihisi chako.

Ndiyo maana daftari la uwanjani linatakiwa lieleze alama ya sifuri ilikuwa wapi: mdomo wa kesingi au usawa wa ardhi, na mdomo uko juu ya ardhi kwa sentimita ngapi. Andika pia viwianishi, kina cha maji, kipenyo cha kesingi, namba ya kihisi na tarehe ya usahihishaji wake, usomaji wa omu kabla ya kugeuzwa kuwa nyuzi, na hali ya ardhi ndani ya mita 100 kuzunguka kisima, pamoja na picha za pande nne.